Beji ya Maktaba Namba 147

Tarehe 6 Machi

Dada yangu,

Natumaini karatasi hii imekukuta umekaa, si umepanda ngazi unafuta vumbi kama kawaida yako. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo wenyewe siku hizi si wangu, ni wa mwajiri. Mama anaendeleaje na miguu? Mwambie dawa niliyotuma ni ya kupaka. Asiinywe. Namjua.

Bado nalala chumba kimoja na yule fundi bomba. Kazi pia ni ileile ya ukumbi wa mikutano. Tunapanga viti, watu wanakuja kusema, wakimaliza tunapangua viti na kuokota chupa. Msimamizi wetu tunamwita Filimbi, maana tangu nimjue hajaniita kwa mdomo, ananipulizia tu kama mwamuzi wa mpira.

Sasa sikiliza. Jana wamebandika ratiba ya mwezi wa tano. Baada ya watu wa bima na madaktari wa meno, nikaona: Mkutano Mkuu wa Taifa wa Wakutubi, wajumbe mia sita. Nilisoma mara tatu. Nikawaambia wenzangu, "Hawa ni watu wa dada yangu." Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema, "Wewe una dada mkutubi? Wewe unayesoma kopo la rangi kwa kidole?" Nikamjibu, nimeishia darasa la sita, lakini vitabu nilivyosoma kwa dada yangu wewe huwezi hata kuvibeba.

Je, utakuja? Miaka tisa, Dada. Hata sura yako naikumbuka ya upande mmoja tu, ule wa kuniangalia juu ya miwani.

Mimi mdogo wako,
Kibiriti


Tarehe 29 Machi

Kibiriti mdogo wangu,

Barua yako imenikuta juu ya ngazi. Paa linavuja sehemu ya historia, kwa hiyo historia nimeihamishia kwenye kilimo kwa muda. Mama hajambo. Dawa aliionja, akasema ni chungu, ndipo akaanza kuipaka. Miguu inashuka uvimbe asubuhi na kupanda jioni. Anakusalimu na anauliza kama unakula.

Nitakuja, Mungu akipenda. Fomu nilishaijaza kabla hujaniandikia. Sikutaka kukwambia mpaka niwe na uhakika, ila kwa kuwa umeuliza nitakwambia na sababu.

Karani wa baraza la mji anataka chumba chetu cha maktaba. Anasema watu hawasomi, na yeye hana mahali pa kuweka ofisi ya vibali. Barua ya kwanza aliniletea mwezi wa kwanza, ya pili juzi. Daftari langu linaonyesha watu arobaini kwa siku wakati wa mitihani. Nilimpelekea, hakulifungua.

Siku ya kwanza ya mkutano, saa tano, kuna kikao cha maktaba ndogo. Kila mjumbe anapewa dakika tano mbele ya Mkurugenzi Mkuu, na Mkurugenzi akitamka kwamba maktaba fulani ibaki, baraza haliwezi kuigusa. Kwa hiyo nina dakika tano. Nimeziandika, nimezisoma mbele ya Mama kwa saa ya ukutani, zikawa saba. Nimekata habari za paa, sasa ni tano kamili.

Karani amekataa kunipa barua ya utambulisho. Haidhuru. Fomu ilipitia makao makuu na wameshaniandikisha.

Nakuomba jambo moja. Ukiniona hapo ukumbini, usinifanyie chochote. Usinitafutie kiti cha mbele, usimwombe mtu. Naijua mikono yako. Ulipokuwa mdogo ulinisaidia kurudisha vitabu rafuni, na mpaka leo kuna kitabu cha ufugaji wa nyuki sijakiona.

Dada yako


Tarehe 22 Aprili

Dada yangu,

Ahsante kwa habari za nyumbani, na za Mama kuonja dawa nimezisoma kwa sauti mpaka fundi bomba akasahau kikohozi chake. Mwambie Mama nakula. Usimwambie ninakula nini.

Lile tangazo lako la ukutani nalikumbuka neno kwa neno, usidhani nimesahau. "Usirudishe kitabu rafuni. Kiache mezani. Mkutubi atakirudisha mahali pake." Ulinipiga vidole kwa rula kwa ajili ya tangazo lile. Nilikuwa nadhani nakupunguzia kazi. Wewe ukasema kitabu kilichowekwa pasipo pake ni sawa na kilichoibwa, tofauti ni kwamba mwizi angalau anakisoma.

Hapa maandalizi yamepamba moto. Tumepiga sakafu nta, tumeosha mapazia, bango la KARIBUNI WAJUMBE tumelipandisha mara mbili, maana mara ya kwanza lilikaa upande. Filimbi amechagua watu wanane wa kusimama getini kupokea wageni. Alituagiza tucheke, akatuangalia meno kama anayenunua punda. Mimi nimechaguliwa! Tutavaa shati jeupe na tutasema, "Karibuni wajumbe, mapokezi ni upande wa kulia." Nimelifanyia mazoezi hilo neno nikiwa nabeba viti kumi kumi. Fundi bomba anasema nimeshalitamka hata usingizini.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kukupokea nitakuwa mimi, na hilo huwezi kunikataza, ni kazi.

Moyo wangu hautulii kwa sababu ya hizo dakika tano. Chumba kile ndicho kilichonifundisha kusoma baada ya shule kunishinda. Karani akikichukua, wenye akili ya polepole kama mimi wataenda wapi?

Mdogo wako,
Kibiriti


Tarehe 13 Mei

Dada yangu,

Najua barua hii haitakuwahi, uko njiani, labda sasa hivi umelala kwenye kiti cha basi na bahasha yako kifuani. Naandika kwa sababu furaha imenizidi na nisipoitoa nitapasuka. Utaisoma ukirudi nyumbani tukiwa tumeshaonana, utacheka.

Leo mchana wakutubi wa makao makuu wamekuja kuandaa meza ya mapokezi. Mkubwa wao ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, mkali kama wewe. Wamekuja na droo ndefu za mbao, zile za kadi kama zako, wakapanga beji zote humo kwa namba. Beji haina jina la mtu, ina jina la maktaba na namba. Yule mama aliniambia watu hubadilika, maktaba haibadiliki. Nikamuuliza ya kwetu iko wapi, akavuta bila hata kuangalia: 147. Nikaiona, Dada! Jina la mji wetu kwa herufi za dhahabu, ndani ya ukumbi huu ninaoufagia.

Nimekuandalia kitu. Sisemi ni nini, utakiona getini. Kimo mfukoni mwa shati jeupe, na shati nimelitundika juu ya msumari ili lisikunjike.

Mama msalimie, ingawa utakapomsomea hii utakuwa umeshamsimulia kila kitu.

Mdogo wako,
Kibiriti


Tarehe 22 Mei

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Mvua zimekwisha. Jirani yetu mshona viatu amepata mjukuu, na wamempa jina refu kuliko yeye mwenyewe. Najua hizi si habari unazozisubiri.

Nilifika hapo ukumbini saa moja asubuhi siku ya mkutano. Sikukuona getini. Nilidhani umebadilishwa zamu, nikasema nitakutafuta baadaye. Nilikwenda mezani, nikataja namba ya maktaba. Mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni akafungua droo, akatazama, akafunga. Akaniambia, "Mjumbe wa 147 ameshafika. Beji yake imechukuliwa."

Nikamwambia mjumbe wa 147 ni mimi.

Akafungua tena, akanionyesha nafasi. "Mama, droo haidanganyi. Kadi ikiwa haipo, ina mwenyewe. Mwenzako yuko ndani. Barua yako ya utambulisho iko wapi?"

Sikuwa na barua. Unajua kwa nini sikuwa nayo.

Simlaumu yule mama. Mimi mwenyewe nimefanya kazi hivyo miaka ishirini. Kadi isipokuwepo kwenye droo, kitabu kimetoka, na hakuna anayebishana na droo. Nilimwomba aniruhusu nisimame nyuma tu mpaka saa tano, ili huyo aliyevaa beji yangu akiinuka nimwone. Akaita askari. Askari wawili walinishika mkono, huyu huku na huyu huku. Sikukutaja. Niliogopa wasije wakakufukuza na wewe. Nilikaa nje kwenye ukingo wa maua mpaka nikasikia makofi ya ufunguzi, kisha mpaka saa tano ikapita. Basi la kurudi lilikuwa la saa nane.

Nilijua mara moja ni kazi ya Karani. Alininyima barua kwa makusudi, halafu akatuma mtu wake kuvaa beji yetu na kusema chumba kifungwe. Juzi nilikwenda ofisini kwake nikamwambia hivyo mbele ya watu kumi na wawili waliokuja kulipia vibali. Nilimwita mwizi. Sijawahi kumwita mtu mwizi, hata wale wanaochana kurasa.

Nimesimamishwa kazi. Funguo nimezikabidhi.

Usihangaike. Kula vizuri.

Dada yako


Tarehe 14 Juni

Dada,

Barua yako nimeipata. Salamu kwa Mama, mwambie mgongo una nafuu.

Siku ile sikuwa getini. Saa kumi na mbili asubuhi Filimbi alitupulizia, viti themanini vimepungua, akanitoa kwenye wale wanane akanipandisha lori kwenda kuviazima ukumbi mwingine upande wa pili wa mji. Tulikuta mlango umefungwa, mwenye ufunguo hajulikani aliko. Tulirudi saa tisa alasiri. Nilikutafuta mpaka chooni. Nilidhani umeingia umeketi na wajumbe wenzako na umenisahau.

Huyo Karani ni mtu mbaya sana. Watu kama hao wapo. Sijui niseme nini zaidi.

Hapa sasa wamekuja watu wa mbolea.

Pole sana Dada. Pole sana.

Kibiriti


Tarehe 5 Julai

Mdogo wangu,

Mama anaendelea vizuri, ila ameacha kuuliza kwa nini sitoki asubuhi. Kuacha kwake kuuliza kunaniumiza kuliko kuuliza.

Barua yako ya tarehe 14 ni fupi. Wewe hujawahi kuniandikia barua fupi. Hata ulipolazwa na homa uliniandikia kurasa nne, moja nzima ya chakula cha hospitali.

Ile ya tarehe 13 Mei nayo ilifika, ilichelewa, ilifika mwezi wa sita. Unasema uliniandalia kitu, kimo mfukoni mwa shati. Hukuniambia tena ni kitu gani.

Ni kitu gani?

Dada yako


Tarehe 27 Julai

Dada yangu,

Nimeshika kalamu hii siku nne. Fundi bomba ameniuliza kama naandika wosia. Leo ni siku ya mapumziko, yeye ametoka, niko peke yangu na karatasi, na sina tena pa kukimbilia.

Kitu chenyewe nimekifungia humu ndani ya bahasha. Umeshakiona kabla ya kusoma maneno haya.

Ilikuwa hivi. Yule mama wa miwani alipoivuta beji yetu kunionyesha, aliitwa upande wa pili wa ukumbi, akaniachia mkononi akasema, "Iweke hapo mezani, nitairudisha mwenyewe." Nilisikia vizuri, Dada. Siwezi kusema sikusikia. Nikaishika. Nikawaza, watu mia sita watajazana hapa kesho, wataivuruga droo, ya dada yangu itapotea. Halafu nikawaza zaidi. Utashuka kwenye basi umechoka, utafika getini, badala ya kupanga foleni, mdogo wako aliyeishia darasa la sita atakwambia, "Karibu mjumbe," na kukuvisha mwenyewe shingoni mbele ya wale walionicheka. Ndivyo nilivyotaka. Kukuvisha. Nikaitia mfukoni. Yule mama alirudi akakuta meza tupu na droo zimefungwa, akadhani ameshairudisha.

Asubuhi ile kwenye lori nilikuwa nayo kifuani. Saa mbili nikaanza kuhangaika. Nilimwambia dereva tugeuze, akaniuliza, "Una mke anajifungua?" Nikasema dada yangu anasubiri beji. Wote wakacheka. Mpaka upande wa pili wa mji, na kurudi, na mlango uliofungwa, na jua. Sikuweza kushuka, sikuwa na hata nauli ya kurudi, na ningeshuka ningefukuzwa.

Tuliporudi nilimuuliza askari wa getini. Akasema, "Kuna mama mmoja alikuja kujifanya mjumbe, tukamtoa. Alikuwa na bahasha ya kaki. Hakupiga kelele hata kidogo." Nikajua. Mkutano ulikuwa na siku mbili zaidi, Dada. Yule mama wa miwani alikuwa palepale mezani, hatua ishirini kutoka nilipokuwa napangua viti. Ningeweza kwenda kumwambia. Kugusa vitu vya wageni ni kufukuzwa siku hiyohiyo, nikasema moyoni nitamwambia baada ya chakula, kisha nitamwambia kesho. Siku ya tatu walitupungia mkono wakaondoka, nikaokota chupa zao.

Kisha ukaniandikia kwamba ni Karani. Nami nikakuacha uamini. Nimekuwa mtu wa kusema ukweli maisha yangu yote, kwa sababu sikuwa na kitu cha kuficha. Nilipopata kitu cha kuficha nimeona mimi ni mtu gani.

Alhamisi nilimwambia Filimbi kila kitu, nikidhani atanifukuza na itaniuma kidogo na nitapata nafuu. Amesikiliza, akatikisa kichwa, akapuliza filimbi turudi kazini. Hata hilo nimekosa.

Niambie nifanye nini. Nije nimwambie Karani? Nimwandikie Mkurugenzi? Mwandiko wangu huu nani atausoma? Niambie tu, nitafanya.

Mdogo wako


Tarehe 19 Agosti

Kibiriti,

Mama ni mzima. Leo ametembea mpaka kwa mshona viatu na kurudi bila fimbo, akajisifu mpaka jioni. Hajui chochote kuhusu beji, na asijue.

Bahasha imefika. Mimi nami nina la kusema. Nilijua tangu mwezi wa sita. Niliposoma "kimo mfukoni" niliketi chini. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nimeshamwita mtu mwizi mbele ya watu, na nilihitaji aendelee kuwa mwizi kwa siku chache zaidi. Kila mmoja wetu alikuwa na cha kuficha, basi tusishindane.

Nilikwenda kwa Karani kumwomba radhi. Alinipa kiti, akanipa maji, akanisikiliza kwa upole wote. Akasema, "Nimesamehe, mama. Lakini barua ya kufunga nilishaisaini tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa nasubiri tu mkutano upite." Sijui kama anasema kweli. Huenda hizo dakika tano zingeshinda, huenda zisingeshinda. Sitajua, na wewe hutajua. Usimwandikie Mkurugenzi. Nimeshamwandikia mara mbili.

Vitabu vimetiwa maboksini, vimekwenda kwenye ghala la baraza. Waliokuja kuvibeba walikuwa vibarua wenye migongo kama wako. Niliwapa maji. Mmoja alinipa kitabu mkononi, akasema, "Hiki kilikuwa kimeangukia nyuma ya rafu." Kilikuwa kile cha ufugaji wa nyuki.

Sikukasirikii. Nataka ulijue hilo. Nimejaribu, jioni mbili tatu, ikashindikana. Kila nikianza nakuona unafanya mazoezi ya neno lako na viti kumi mgongoni.

Jana nilimwomba Karani aniruhusu kuingia mle ndani mara moja. Watu wa vibali wanahamia Jumatatu. Hakuna kitu zaidi ya ile meza kubwa ambayo haipiti mlangoni, na tangazo langu ukutani juu yake, ambalo hakuna aliyejishughulisha kulibandua. Nilivaa beji kidogo, nione inavyokaa. Inakaa vizuri. Kisha nikaivua nikaiacha mezani, kama inavyoagizwa.

Nikasoma mstari wa mwisho wa tangazo, ule wa mkutubi atakirudisha mahali pake. Halafu nikatoka, nikamrudishia mlinzi ufunguo.

Dada yako